Niliogopa zipu ya begi

Shangazi,

Nakusoma tangu nikiwa sekondari Korogwe, na hadi leo mama hunitumia picha ya ukurasa wako kwa WhatsApp. Huu ni mwaka wangu wa 3 Texas. Nasoma shahada ya uzamivu ya historia katika chuo kikuu cha umma. Chuo kinanilipia ada, nami nafundisha semina 2 zenye wanafunzi 30 kila moja na kuwasahihishia kazi zao.

Mwezi uliopita kijana mmoja alinifuata ofisini jioni. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja tunachotumia wasaidizi 4, na siku hiyo nilibaki peke yangu. Nilikuwa nimempa C kwenye insha. Hakupiga kelele, ila sauti ilikuwa inamtetemeka. Akaweka begi mezani, akafungua zipu, akaingiza mkono ndani.

Hapa sheria inamruhusu mwenye leseni kuja hadi darasani na bastola aliyoificha, na sisi wengine hatuna njia ya kujua ni nani anayo. Zipu ile ilichukua labda sekunde 2. Akatoa insha yake, imekunjwa, imejaa mistari ya kalamu ya kijani. Nikamsikiliza dakika 10, nikampa B. Hakuistahili. Akashukuru, akaenda zake. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikakaa sakafuni mpaka mikono ilipotulia.

Nimemsimulia mchumba wangu. Ni Mtanzania mwenzetu, ana green card, na bastola anayo kwa leseni. Anasema sheria hii haimgharimu mtu mwingine hata senti: mwenye bastola kanunua kwa pesa yake, mafunzo kalipia, leseni kalipia. "Wewe unalipa nini?" Nilikosa jibu. Anataka nami ninunue. Kaka yangu kwenye kundi la familia kaandika kwamba wale watoto wa chuo cha Garissa, Kenya, wangekuwa na bastola wasingechinjwa kama kuku.

Sasa baraza la wanafunzi wa uzamili linakusanya maoni kuhusu gharama za sheria hii, nami nimeombwa niandike. Niandike nini? Woga wangu ni woga tu, hauna bei. Mama akipiga Jumapili huniuliza kama chuo kiko salama. Namjibu, salama mama.

Mwalimu msaidizi, Texas

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara 3, na kila mara nimekwama pale pale, kwenye zipu. Nimefundisha miaka 31. Wazazi wenye hasira wamenifuata ofisini, na kijana mmoja wa kidato cha 4 aliwahi kunirushia daftari likanipata shavuni. Lakini begi la mwanafunzi sikupata kuliogopa hata siku moja. Begi la mwanafunzi nililijua: madaftari, fulana ya michezo yenye jasho, na andazi lililosagika huko chini. Wewe umenyimwa uhakika huo mdogo, na hukunyimwa na yule kijana. Alifungua begi kutoa kazi yake, kama wanafunzi wote wanavyofanya.

Nianze na lisiloweza kusubiri. Usinunue bastola. Uko Marekani kwa visa ya mwanafunzi, na sheria ya shirikisho, ambayo iko juu ya sheria ya Texas, inamkataza mtu mwenye visa ya muda kama yako kumiliki silaha ya moto au hata risasi 1. Ipo milango michache ya kutokea, kama ule wa mwenye leseni halali ya kuwinda, lakini usithubutu kuipita kwa ajili ya jambo hili. Mchumba wako ana green card, yeye sheria inamruhusu. Anachokushauri ni halali kwake na ni kosa la jinai kwako. Hata akikupeleka uwanja wa shabaha akakuwekea yake mkononi, anaweza kukutia kwenye kesi itakayokula shahada yako na visa yako kwa pamoja. Mwambie leo. Naamini anakupenda na hakulijua hili.

Na hapo hapo tazama jinsi mzigo ulivyogawanywa. Wanaoitetea sheria hii husema kila mtu apewe nafasi ya kujilinda. Wewe hupewi. Sheria ilipoanza, wanafunzi wengi wa mwaka wa 1 na wa 2 nao hawakupewa, kwa sababu leseni ya Texas kwa kawaida ilitaka umri wa miaka 21. Darasani mwako, kwa hiyo, wapo wanaoweza kubeba na wapo wanaotakiwa kuishi na ukweli kwamba wenzao wanaweza.

Sasa swali la mchumba wako. Ni swali zuri na linastahili kujibiwa kwa heshima. Anahesabu kama mtu anayenunua simu: bei ya simu, bei ya laini, basi. Ada ya leseni huko Texas ni dola 40. Ilikuwa 140 mpaka bunge la jimbo lilipoipunguza mwaka 2017. Darasa la mafunzo ni la saa 4 hadi 6, kisha mtihani wa shabaha. Hapo gharama zake zimekwisha. Za wengine zinaanzia mlangoni mwa chuo.

Idaho ilipitisha sheria ya namna hii ikaanza kutumika Julai 2014. Vyuo 5 vya umma vya jimbo lile vikajikuta vinahitaji zaidi ya dola milioni 3.7 kwa ulinzi, yaani askari, mafunzo na vifaa. Vilipoomba bunge lililopitisha sheria livisaidie kulipa, havikupewa. Chuo cha umma kisichopewa hutoa mfukoni mwake, na mfukoni mwake mna vitu 2 tu vya maana: ada za wanafunzi na kodi za wananchi. Fundi mwashi wa Pocatello ambaye hajawahi kushika bastola wala kukanyaga chuo naye amechangia.

Kule kule Pocatello, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Idaho, miezi 2 baada ya sheria kuanza, mwalimu wa kemia alikuwa darasani na bastola mfukoni. Leseni anayo, mafunzo anayo. Ikafyatuka, risasi ikampiga mguuni mwenyewe mbele ya wanafunzi. Nalitaja tukio hili kwa sababu lilimpata mtu aliyefuata kila kitu kilichotakiwa. Texas nayo, sheria ikiwa na wiki chache tu, risasi ilifyatuka kwa bahati mbaya bwenini katika Chuo Kikuu cha Tarleton State. Hakuna aliyeumia. Lakini bweni, mwanangu, ni ukuta mmoja kati ya kitanda na kitanda.

Kwenu Texas, sheria mnayoiita SB 11 ilisainiwa na Gavana Greg Abbott Juni 2015, ikaanza tarehe 1 Agosti 2016 katika vyuo vikuu vya umma. Ilikuwa ni miaka 50 kamili, hadi siku yenyewe, tangu Charles Whitman alipopanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na bunduki akaua watu zaidi ya 10. Kabla sheria haijapita, wataalamu wa bajeti wa bunge waliona haitakuwa na gharama ya kutajika. Mfumo wa Chuo Kikuu cha Texas peke yake ulikadiria karibu dola milioni 39 kwa miaka 6, na sehemu kubwa ni ya hospitali yake ya saratani ya MD Anderson. Haya yalikuwa makadirio, na makadirio ya taasisi inayopinga jambo huweza kuvimba, kwa hiyo ukiyaandika sema wazi kwamba ni makadirio. Hata ukiyakata nusu, bado yako mbali sana na sifuri ya mchumba wako.

Kama anataka ushahidi usiotoka kwa wapinzani, mpe Kansas. Sheria ya huko ilisema jengo la umma likitaka kuzuia bastola lazima liweke mitambo ya kukagua vyuma na walinzi wenye silaha kwenye kila mlango wa kuingilia. Mwaka 2017 ikafika zamu ya hospitali za jimbo. Gavana Sam Brownback, ambaye hakuwa adui wa bunduki hata kidogo, aliomba karibu dola milioni 24 kwa miaka 2 ili hospitali 4 tu ziweze kukidhi masharti hayo. Wabunge walipoiona ankara hiyo, wakaona afadhali kuziondoa hospitali kwenye sheria. Vyuo vikuu wakaviacha. Kwa hiyo gharama waliijua, waliiona kwa macho, wakachagua nani asiibebe.

Na vyuo binafsi vya Texas? Sheria iliviachia vichague vyenyewe. Rice, Baylor, SMU, TCU, vyote vilikataa, na karibu vyuo binafsi vyote vya jimbo lile vikakataa, vikiwemo vya kanisa vilivyo katika miji inayopenda bunduki. Jambo lisilo na gharama halikataliwi na karibu kila aliyepewa nafasi ya kulikataa. Muulize mchumba wako hilo, kwa upole, mkiwa mezani.

Mwaka 2019 nilikwenda Houston kwenye mahafali ya mpwa wangu. Nilishuka kwenye gari nimevaa kitenge changu kipya, mguu unaniuma, na mlango wa kwanza niliokutana nao ulikuwa na bango jeupe lenye herufi nyeusi nene, Kiingereza juu na Kihispania chini, likitaja kifungu cha 30.06 cha sheria za makosa. Nikadhani ni tangazo la kuzuia sigara. Mpwa wangu ndiye aliyenieleza: sehemu ambazo chuo kimeruhusiwa kuzuia bastola ni lazima zitangazwe hivyo, maneno yameandikwa na sheria yenyewe, na kila herufi isipungue inchi 1 kwa urefu. Njiani hadi ukumbini nikahesabu mabango 6. Nilichokiwaza kwenye kiti changu, wakati majina yanasomwa, ni milango isiyokuwa na bango. Mtu aliyelipia darasa lake la saa 6 hakuyalipia mabango yale.

Hizo ni pesa, na pesa ni upande mwepesi wa hesabu yenyewe.

Oktoba 2015 Daniel Hamermesh, profesa wa uchumi mwenye jina kubwa, alitangaza kwamba hatarudi kufundisha Austin. Darasa lake la wanaoanza lilikuwa na wanafunzi karibu 500, na alisema hatari ya mwanafunzi mwenye hasira kufyatua risasi imeongezeka kiasi cha yeye kutotaka kuibeba. Mwaka uliofuata Fritz Steiner, mkuu wa shule ya usanifu majengo hapo hapo, akahamia Pennsylvania na kuitaja sheria hii kuwa moja ya sababu. Nani aliyeandika hasara hiyo kwenye vitabu vya hesabu? Mwanafunzi aliyejiandikisha akamkuta mwalimu mwingine hajui hata alichokosa.

Waliobaki walijifunza kuinamisha kichwa. Mapema 2016, katika Chuo Kikuu cha Houston, kiongozi wa baraza la wahadhiri aliwaonyesha wenzake orodha ya mapendekezo: wawe waangalifu na mada nyeti, wafikirie kuziondoa baadhi yake kwenye mtaala, wakihisi hasira wasiendelee, wapunguze nafasi za wanafunzi kuwafuata ofisini. Haikuwa amri ya chuo. Yalikuwa mashauri ya mtu anayewatakia wenzake heri, na ndiyo maana yananiuma zaidi. Wewe unafundisha historia ya nchi iliyopigana yenyewe kwa yenyewe kwa sababu ya utumwa. Ukiiondoa mada nyeti hapo, umebakiwa na nini cha kufundisha? Orodha ya marais?

Wahadhiri 3 wa Austin, akiwamo mwanasosholojia Jennifer Glass, walikwenda mahakamani kudai kwamba sheria hii inawaziba mdomo darasani. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliitupa kesi. Kwa majaji, woga wa mwalimu kuhusu kile ambacho mwanafunzi huenda akafanya haukuwa dhara linaloweza kudaiwa; kama amejizuia kusema, kajizuia mwenyewe. Nadhani neno hili ndilo unalojiambia unapoandika kwamba woga wako hauna bei. Mahakama ina vipimo vyake na sina elimu ya kubishana nayo. Lakini wewe hukuandika kwa jaji.

Na wewe, tofauti na wale wahadhiri, una stakabadhi. Ni ile B.

Itazame vizuri. Alama ya C iliyokuwa haki ilipanda ikawa B kwa sababu ya sekunde 2, na pengine ndani ya begi lile hamkuwa na chochote zaidi ya karatasi na chaja ya simu. Bastola haikuhitajika hata kuwepo. Ilitosha kwamba ingeweza kuwepo. Nani alilipa? Mchumba wako hakulipa. Walilipa wale 59 waliobaki kwenye semina zako, ambao insha zao zilipimwa kwa rula nyingine. Kuna msichana hapo, simjui lakini nimemfundisha mara nyingi, aliyekosea kosa lile lile la kijana, akapata C, akaikubali, akaenda kusoma zaidi. Na kijana mwenyewe kalipa pia. Kapewa alama isiyotokana na kazi yake, na bila kujua, kahesabiwa na mwalimu wake kuwa huenda ni muuaji. Siku akijua, ataumia, na atakuwa na haki ya kuumia.

Hapa ndipo ninapotaka uwe mwaminifu kuliko wanaokuunga mkono. Tangu 2016 vyuo vya Texas havikugeuka uwanja wa vita. Damu iliyotabiriwa na wengi haikumwagika. Wenye leseni huko, kwa takwimu za polisi wa jimbo, ni sehemu ndogo sana ya wanaotiwa hatiani kila mwaka. Mchumba wako atakutajia haya, na ni kweli, yakubali. Ukiandika kwamba mtauawa wote, hawatakusoma zaidi ya mstari wa kwanza, na barua yako itakuwa imewapa sababu.

Hatari inayonitisha mimi haiji na kelele za ukumbini. Inakaa chumbani, kwa kijana wa miaka 22 aliyefeli au aliyeachwa, saa 8 za usiku. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua. Aliyejaribu kwa vidonge mara nyingi hufikishwa hospitali, akaishi, akaja kucheka tena. Aliyejaribu kwa bunduki hupona 1 tu kati ya 10 hivi. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Daniel Webster wa Johns Hopkins waliupitia ushahidi uliokuwapo, wakaona kuruhusu bastola vyuoni hakuelekei kuzuia mauaji ya halaiki, ila kunaelekea kuongeza vifo vya aina nyingine: ugomvi, ajali, kujiua. Ukiwa mwalimu msaidizi wewe ndiye wa kwanza kuona mwanafunzi ameacha kuja. Namba ya simu ya msaada wa dharura huko ni 988, usiku na mchana. Iandike kwenye karatasi ya maelezo ya somo, juu kabisa, kabla ya orodha ya vitabu.

Kaka yako sasa. Usimjibu kwa ukali. Garissa inamuuma kila mtu wa ukanda huu. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148, wengi mno ni wanafunzi, alfajiri, wengine wamelala, wengine wako kwenye maombi. Mimi nilikaa siku ile nzima mbele ya redio. Lakini mkumbushe jinsi ilivyokuwa. Washambuliaji walikuja na bunduki za kivita, wakaanza na walinzi langoni. Kikosi maalumu cha Recce kilikuwa Nairobi, na saa zikapita nyingi kabla hakijaingia kwenye bweni. Kilipoingia, kazi haikuchukua muda mrefu. Kinachonisumbua mimi mpaka leo ni zile saa. Serikali ndiyo iliyokuwa na deni kwa watoto wale, ndege ya kubeba askari ilikuwa deni lake. Ukisema dawa ilikuwa bastola chini ya mto wa binti wa miaka 20, umelihamisha deni kutoka kwa aliyelikopa na kumtwisha aliyekufa.

Na kama atataka mfano wa mahali ambapo mwanafunzi mwenye bastola alikuwepo kweli, upo. Oktoba 2015, katika chuo cha Umpqua, Oregon, ambako waliuawa watu 9, alikuwemo mwanafunzi aliyewahi kuwa mwanajeshi, na silaha yake anayo. Alieleza baadaye kwamba alichagua kutokimbilia kule, kwa sababu askari wakifika na kumkuta na bastola mkononi wangemdhania kuwa ndiye muuaji. Huyo ni mtu aliyefunzwa vita.

Tuje kwenye alama. Usiishushe kimya kimya. Ukifanya hivyo utakuwa umemwadhibu kijana kwa kosa lako. Nenda kwa profesa mwenye somo, mweleze kama ulivyonieleza mimi, na zipu usiiache. Mwombe msaidizi mwingine azisahihishe upya insha zote 60, majina yakiwa yamefunikwa. Ni kazi, najua, na itakuaibisha kidogo. Ikitokea insha ya kijana ina hoja uliyoipita, B yake itakuwa halali. Isipokuwa nayo, atakayemweleza ni profesa, kwa maandishi. Wale waliokosea kama yeye watakuwa wamepimwa kama yeye.

Kisha badilisha jinsi unavyoonana nao. Anayelalamikia alama asubiri saa 24 tangu arudishiwe kazi, alete hoja zake kwa maandishi kabla ya kukutana, na mkutane mahali palipo na watu: meza za maktaba, au ofisini wakati mwenzako yupo. Walimu wengi hufanya hivyo hata mahali pasipo na sheria ya bastola, kwa hiyo hakuna atakayekuona wa ajabu. Jioni peke yako, basi.

Angalia pia kanuni za chuo chako kuhusu ofisi. Austin, kwa mfano, mwenye ofisi aliyopangiwa peke yake anaweza kukataza bastola mle ndani, kwa kumwambia mgeni kwa mdomo. Profesa ana ofisi yake. Ninyi wasaidizi 4 mna chumba kimoja, kwa hiyo kinga ya namna hiyo ingewapita. Nililiona hili nikiandika jibu lako, nikaweka kalamu chini kidogo. Anayelipwa kidogo kuliko wote, anayeonana na wanafunzi wengi kuliko wote, ambaye visa yake haimruhusu kubeba hata akitaka, ndiye asiyekuwa na mlango wa kuuwekea sharti. Liandikie baraza hilo. Waombeni chumba 1 cha kuonana na wanafunzi, chenye kioo mlangoni, jirani na ofisi ya utawala ya idara. Hakihitaji kubadilisha sheria ya jimbo, na bei yake inajulikana.

Barua yenyewe iwe fupi. Usianze na katiba yao wala na Garissa yetu. Anza: tarehe fulani nilimpa mwanafunzi alama ambayo hakuistahili, kwa sababu alifungua begi lake. Kisha andika ulichofanya kuirekebisha, saa ngapi za kazi zimetumika, watu wangapi wamesahihisha upya, na mishahara ya saa hizo inatoka wapi. Jina la kijana usilitaje, wala chochote cha kumtambulisha. Kuhusu visa yako, kabla hujaweka jina lako hadharani, zungumza kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na pia na mwanasheria wa wanafunzi kama chuo kinaye. Wakikushauri ipelekwe bila jina, ipeleke bila jina.

Jumapili mama akipiga, usimwambie tena salama mama, ukaishia hapo. Mwambie habari ya insha, ya kalamu ya kijani, na kwamba Jumatatu una miadi na profesa saa 4 asubuhi. Atataka kujua utavaa nini.